Tatu na Ishirini

Leo nawapeleka Pande, kusini mwa Kilwa Masoko, mkoani Lindi. Huko ndiko nilikoanza kusoma, kwanza chuoni kwa maalim, halafu shule ya msingi. Mazungumzo yangu yanaanza na kilima.

Miezi kadhaa iliyopita nilikaa na kompyuta yangu nikitaka kuchora ramani ya kwetu inayoonyesha wapi juu na wapi chini, ili nijue maji ya masika yanaelekea wapi. Vipimo vyake vipo, na ni bure. Februari 2000 Wamarekani wa NASA walirusha chombo chao cha anga Endeavour kikiwa na rada, na kwa siku 11 kikapima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia. Vipimo vile vimegawanywa katika mafaili, kila faili eneo la nyuzi moja kwa nyuzi moja. Faili lenye Pande ndani yake linaitwa S10E039, jina la kona yake ya kusini-magharibi. Kilwa Masoko, kwa kuwa iko juu kidogo, imeangukia faili la jirani, S09E039.

Ukilifungua faili lile huoni picha wala maandishi. Ni safu 1,201 za namba, kila safu ina namba 1,201, na kila namba imekaa katika baiti mbili. Jumla baiti 2,884,802, hakuna kingine. Nikaandika programu fupi ya kuzisoma na kuzipaka rangi, nikaiendesha.

Ufuko ukatokea barabara. Niliitambua rasi yetu, nikaitambua na ghuba. Bahari ilikuwa sifuri, imetulia kama inavyotakiwa. Lakini nchi kavu! Kile kilima karibu na kijiji, ambacho utotoni tulikipanda mbio bila kupumzika, kilikuwa kimesimama mita 5,888. Kilimanjaro ni mita 5,895. Hatua chache pembeni nikakuta 4,864, mbele kidogo 5,632. Na kule bara, ambako ardhi inainuka kweli, ramani ilitumbukia chini ya bahari: hasi 30,464. Nikazichukua zile namba za karibu na pwani nikazigawa moja moja. Zote zinagawanyika kwa 256, hazibakizi kitu. Hapo nikajua.

Baiti moja, ndugu msikilizaji, ichukulie kama kisanduku kinachobeba namba kuanzia 0 hadi 255. Namba ikizidi hapo unahitaji visanduku viwili: kimoja cha mamoja, kingine cha mafungu ya 256, kama sisi tulivyo na mamoja na makumi. Kilima chetu kina mita 23. Mafungu hayapo, mamoja ni 23. Kwa hiyo faili limeandika 0, kisha 23, kwa sababu waliolitengeneza walitanguliza kisanduku cha mafungu. Prosesa ya kompyuta yangu, ya ukoo wa Intel kama zilivyo kompyuta nyingi maofisini mwetu, inajua jambo moja tu: kisanduku cha kwanza ni cha mamoja. Ikasoma mamoja sifuri, mafungu 23. Mara 256, unapata 5,888.

Na yale mashimo? Katika kisanduku cha mafungu kuna biti moja, yaani tarakimu ya 0 au 1, ya mwanzo kabisa, inayoeleza kama namba ni chanya au hasi. Ukivibadilisha visanduku nafasi, kilima cha mita 127 kinapaa hadi 32,512. Kilima cha mita 128, mita moja tu zaidi, kinaporomoka hadi hasi 32,768, na namba hiyo katika mafaili haya maana yake ni kwamba mahali hapo hapakupimika. Sehemu kubwa ya bara ilikuwa imefutwa au kuzamishwa, na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Kwake zile zilikuwa namba halali.

Nilipokuwa nikiziangalia nilimkumbuka maalim wetu. Alitufundisha hesabu kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na akatuonyesha jambo ambalo wakati ule nililiona dogo. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini namba 23 kwa tarakimu za Kiarabu ina mbili yake kushoto na tatu yake kulia, sawasawa na 23 ya gazeti letu. Alama zile zile, mahali pale pale kwenye karatasi. Anayetoka kulia anakutana na tatu kwanza, akasema thalatha wa ishirin, tatu na ishirini. Anayetoka kushoto anakutana na mbili kwanza, akasema ishirini na tatu. Wino haukuongezwa wala haukupunguzwa.

Pwani ya Kilwa imeishi na hesabu za namna zote mbili kwa karne nyingi. Mwarabu huanza na mamoja. Mjerumani, aliyejenga boma lake Kilwa Kivinje, huanza na mamoja hadi leo. Kwake ni tatu na ishirini. Mgujarati wa dukani naye, neno lake la 23 huanza na ile tatu. Mswahili alikaa katikati yao wote, akanunua na kuuza, akapokea kutoka kwa Waarabu neno ishirini lenyewe, na thelathini, arobaini, hamsini, mpaka tisini. Maneno akayachukua. Mpangilio hakuuchukua. Hakuna anayesema tatu na ishirini kwa Kiswahili. Neno lilipovuka kuingia katika lugha yetu liliwekwa mahali pake papya palepale mlangoni, na tangu hapo halikumsumbua mtu. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuizungumzia leo, na kwa maoni yangu waliokuwa wakihesabu magunia kwenye bandari zetu waliifanya vizuri kuliko waandishi wengi wa programu wa sasa.

Tuziite njia mbili hizi, ya kutanguliza mafungu na ya kutanguliza mamoja, kubwa-mbele na ndogo-mbele. Kwa nini ziwe mbili? Kila upande una sababu nzuri. Unapojumlisha kwenye karatasi unaanza na mamoja, kinachozidi unakipeleka kwenye makumi. Mashine inayojumlisha kipande kidogo kidogo hupenda ipewe mamoja kwanza. Datapoint 2200, mashine ya Kimarekani ya 1970, ilikuwa na prosesa iliyofanya hesabu biti moja baada ya nyingine, kwa hiyo ikatanguliza ndogo. Intel walitengeneza chipu yao 8008 ya 1972 kwa kufuata muundo wa mashine hiyo, wakaurithi na mpangilio wake, na kutoka hapo ukashuka kizazi hadi kizazi mpaka kompyuta iliyo mbele yangu hapa studio. Kubwa-mbele nako kuna hoja. Ukilinganisha namba mbili ipi kubwa, unaangalia kwanza tarakimu ya juu, na mara nyingi huna haja ya kuendelea. Tena mtu akizichapa baiti na kuziangalia kwa macho, anaisoma namba kama alivyozoea. IBM walichagua hivyo katika mashine zao za System/360 mwaka 1964. Motorola wakafanya vilevile katika chipu yao 68000 ya 1979.

Ugomvi ukawa mkali. Tarehe 1 Aprili 1980 mwanasayansi Danny Cohen aliandika waraka wa kuomba amani, na majina aliyozipa kambi mbili aliyatoa katika kitabu cha Jonathan Swift cha 1726, safari za Gulliver. Humo watu wadogo wa Lilliput wanapigana vita kwa sababu ya yai la kuchemsha: lipasuliwe upande mnene au upande mwembamba? Cohen hakuwa akisema jambo lenyewe halina maana. Alisema kilicho muhimu zaidi ya kuchagua upande ni watu kukubaliana upande mmoja. Na katika mtandao walikubaliana. Kanuni za intaneti za 1981 zinataka namba zote za kichwa cha kila pakiti, yaani kifurushi cha data, zisafiri kubwa-mbele.

Fikiria basi. Simu karibu zote mikononi mwetu hufanya kazi kwa ndogo-mbele. Mvuvi aliyeko Pande akimtumia ujumbe mnunuzi wa pweza aliyeko Dar es Salaam, kila pakiti inayotoka inageuzwa namba zake mlangoni, inapofika inageuzwa tena. Pakiti yenye urefu wa baiti 1,500 imeandikwa 5, kisha 220. Ingesomwa kinyume, ingedai ina urefu wa 56,325. Hakuna anayeliona hilo, kwa sababu waliojenga mtandao waliweka mgeuzo mahali pamoja panapojulikana: mpakani.

Sasa sikilizeni habari ya tepu, maana inatuhusu watu wa Kilwa kwa karibu sana. Mwaka 1974 kampuni ya Kiitaliano AGIP iligundua gesi asilia Songo Songo, kisiwa chetu wenyewe, gesi ambayo tangu 2004 inapelekwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Watafutaji wa gesi na mafuta hupiga mishindo baharini au nchi kavu na kurekodi mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba. Mwaka 1975 chama cha wanajiofizikia wa utafutaji cha Marekani kilitoa utaratibu mmoja wa kuandika mwangwi huo kwenye tepu, unaitwa SEG-Y. Enzi hizo kompyuta kubwa ni ya IBM, kwa hiyo kila kitu kikaandikwa Ki-IBM: herufi kwa msimbo wa IBM, namba za desimali kwa mtindo wa IBM, na baiti kubwa-mbele. Miaka zaidi ya arobaini ikapita. Mashine zile zikaenda makumbusho. Data ikabaki, na kijana wa leo anayetaka kutazama miamba chini ya bahari ya Lindi kwa kompyuta ya mapajani lazima azigeuze baiti kwanza, la sivyo ataona kelele tupu mahali pa tabaka.

Mwaka 2017 utaratibu ule ulirekebishwa, ukaruhusu na ndogo-mbele. Waliourekebisha walifanya jambo la busara sana. Mahali maalumu mwanzoni mwa faili, baiti ya 3,297 hadi ya 3,300, waliweka namba moja isiyobadilika: 16,909,060. Ukiitazama kwa visanduku ni 1, 2, 3, 4. Ukifungua faili ukakuta umesoma 16,909,060, uko sawa, endelea. Ukikuta 67,305,985, ujue ni 4, 3, 2, 1, umeshika faili kinyume. Huna haja ya kukisia wala kumtafuta aliyeliandika. Picha za aina ya TIFF, zinazotumika sana katika ramani, zina desturi hiyo hiyo tangu zamani: zinaanza na herufi mbili, II kwa mpangilio wa Intel au MM kwa ule wa Motorola.

Wachimbaji wa miamba wanaijua desturi hii bila kompyuta. Wanajiolojia ulimwenguni wanalijua jina la kwetu. Lipo tabaka la miamba linaloitwa Pande. Katika miaka ya 2000 watafiti, akiwamo Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff na Joyce Singano wa shirika letu la petroli, TPDC, walichoronga ardhi ya pwani hii, na huko Stakishari, karibu na Pande, wakatoa tope gumu lenye vijidudu vya bahari vya miaka milioni 34 hivi iliyopita, wakati dunia ilipopoa na barafu kutanda kule Antaktika. Tope hilo la kale hutoka kama mwanzi mrefu, linakatwa vipande, linalazwa sandukuni. Kipande kikishalala huwezi tena kujua kwa kukiangalia upande upi ulikuwa juu. Kwa hiyo kila kipande kinapotoka tu huwekewa alama ya upande wa juu. Ukikilaza kinyume, kifo cha kiumbe kitatangulia maisha yake, na tope lenyewe halitakwambia umekosea.

Baiti ni kama tope lile, hazina alama ndani yake. Ndiyo maana nasikitika ninapopokea data kutoka kwa watu wa fani yangu, vipimo vya mvua, vya maji, vya umeme wa jua, faili limejaa namba na hakuna mstari hata mmoja unaosema zimepangwaje. Vifaa vingi vya viwandani huzungumza kwa utaratibu uitwao Modbus, wa 1979. Utaratibu huo umeweka wazi kwamba kila neno la baiti mbili ni kubwa-mbele. Namba inapohitaji maneno mawili, neno lipi litangulie? Halikuwekwa. Kila mtengenezaji anafanya apendavyo, na fundi anayefunga pampu kijijini anabaki kujaribu huku na huku mpaka usomaji uonekane wa maana. Hilo halikubaliki. Aliyeandika namba ndiye anayejua. Dakika moja ya kuandika mstari mmoja ingemwokolea mwenzake siku nzima juani.

Kuna hatari tatu nataka vijana wanaojifunza programu waziweke moyoni. Ya kwanza, kosa hili hujificha nyuma ya namba zinazosomeka sawa pande zote. Sifuri kinyume ni sifuri, ndiyo maana bahari yangu ilikuwa sahihi. 257 ni 1 na 1. Ukiigeuza ni 257 ileile. Ukijaribu programu yako kwa sifuri itafaulu, nawe utalala usingizi. Ijaribu kwa 258, ambayo ni 1 na 2. Ikirudi 513, umekamata mwizi.

Ya pili inanitisha zaidi. Kugeuza mara mbili ni kutogeuza. Mwandishi wa kwanza anakosea upande wa kutuma, wa pili anakosea upande wa kupokea, na kosa linajifuta. Mfumo unafanya kazi miaka. Siku moja anakuja mtu makini, anaona kosa la upande mmoja, analirekebisha, na kila kitu kinaharibika mikononi mwake. Lawama inamwangukia yeye. Nimeona jambo hili kwa macho yangu, na nilimwonea huruma yule kijana.

Ya tatu ni kugeuza kisichogeuzwa. Herufi zinazokaa baiti moja moja hazina kubwa wala ndogo. Zina ya kwanza na ya pili. Mashine ikizichukulia kama namba za baiti mbili mbili, ikageuza, neno MASOKO litatoka AMOSOK. Walipohamisha mfumo wa Unix kutoka mashine ya PDP-11 kwenda mashine ya IBM, neno UNIX lilitoka NUXI, na wakongwe hadi leo huliita tatizo hili kwa jina hilo.

Basi ifanyweje? Zipo amri za prosesa zenyewe. Intel waliweka amri ya kugeuza baiti nne kwa mkupuo katika chipu yao 486 ya 1989. Zipo kazi zilizoandikwa tayari katika lugha ya C, htons na ntohl na ndugu zao, h ikimaanisha mashine yako, n ikimaanisha mtandao. Zitumieni. Lakini mimi nimeshika shauri la Rob Pike, mmoja wa waliounda lugha ya Go, aliyeandika 2012 kwamba mpangilio wa kompyuta yako mwenyewe karibu kamwe haukuhusu. Kinachokuhusu ni mpangilio wa data. Faili la miinuko ni kubwa-mbele? Chukua baiti ya kwanza, zidisha kwa 256, jumlisha ya pili. Kama jumla imefika 32,768 au zaidi, toa 65,536. Umemaliza. Hesabu hiyo haiulizi imo katika prosesa gani, itatoa jibu moja kwenye simu, kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye mashine kubwa ya IBM ambayo mpaka leo ni kubwa-mbele. Programu niliyokuwa nimeiandika mimi ilimwaga baiti moja kwa moja kwenye kumbukumbu na kuiachia prosesa ihukumu.

Wapo wanaoniambia jambo hili limekufa. Apple waliacha PowerPC wakahamia Intel mwaka 2006, simu zote zimeelemea upande mmoja, ndogo-mbele imeshinda. Nawajibu kwamba ushindi huo ndio unaozidisha hatari. Zamani mwandishi alikuwa na mashine za aina mbili chumbani, kosa lilimrukia siku ileile. Siku hizi ana aina moja tu, kosa linakaa kimya ndani ya faili likimngoja mgeni. Na mafaili huishi kuliko mashine. Endeavour yenyewe imeshastaafu. Vipimo vyake vya Pande ninavyo hapa, kubwa-mbele kama siku vilipoandikwa.

Nilirekebisha mstari mmoja wa programu, nikaiendesha upya. Ufuko haukusogea. Bahari ikabaki sifuri. Bara ikapanda kutoka shimoni, na kilima kikakaa mahali pake. Nikaichapa ramani kwenye karatasi kubwa, na nilipokwenda nyumbani nikampelekea maalim. Amezeeka sasa, lakini miwani akivaa anasoma. Nikamwonyesha rasi, nikamwonyesha msikiti, nikamwonyesha kilima na namba ndogo niliyoiandika juu yake. Akaweka kidole upande wa kulia wa namba, akakisogeza taratibu kuelekea kushoto.

"Thalatha wa ishirin," akasema.